Mkono wa Bi Sumbua

"Mama Mkubwa, huu mkono wa nani?"

Nilikuwa na miaka minane nilipomuuliza hivyo, nimekaa sakafuni na kitabu cha sayansi cha dada yangu kimefunguka mapajani. Kwenye ukurasa kulikuwa na picha: mkono wa mtu kuanzia kiwiko hadi vidoleni, na juu yake mbu mmoja, tumbo limejaa na kuiva kama punje ya komamanga. Mama Mkubwa alikuwa anapiga pasi koti lake jeupe la kazini. Akainama, akaitazama picha, akasoma na maandishi ya chini yake, polepole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

"Wa mbu," akasema.

"Mbu ana mkono?"

"Kwani hujasoma hapo chini? Imeandikwa 'Mbu jike akifyonza damu'. Kuna mtu mwingine ametajwa? Basi mkono ni wa mbu."

Baba Mkubwa, ambaye ni fundi cherehani na kazi yake anaifanyia pale pale sebuleni, alicheka mpaka uzi ukamkatikia. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeona kitu. Kwenye mkono wa pichani, karibu na kifundo, kulikuwa na kovu la pembetatu, kali upande mmoja, kama ncha ya pasi. Na mkono uliokuwa unanyoosha kola ya koti mbele yangu ulikuwa na kovu hilo hilo, mahali pale pale.

Sikuuliza tena. Mama Mkubwa alikuwa ameirudisha pasi kwenye kola kwa nguvu, utadhani kola ndiyo iliyomkosea.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu, na nimelelewa kwake kwa sababu nyumba yake ipo karibu na shule. Kazi yake ni kulea mbu. Nikisema hivyo watu huniambia nimekosea, mbu hawalelewi. Hata pale kazini kwake, kwenye taasisi inayochunguza magonjwa ya mbu, mlango wa chumba chake uliandikwa "Chumba cha Kufugia". Yeye alichukua kalamu ya wino mzito, akakata "Kufugia", akaandika "Kulelea". Wakabandika kibao kipya, akakikata na hicho. Mwishowe wakachoka.

"Kufuga ni kuku," aliniambia. "Kuku unamrushia punje unaenda zako. Hawa unawaamkia."

Nimeingia chumba hicho mara nyingi. Kina milango miwili, wa pili haufunguki mpaka wa kwanza ufungwe, ili mtu asitoke na mbu kwenye nywele. Ndani kuna joto na unyevu kama bafuni mtu akitoka kuoga maji moto. Upande mmoja kuna mabeseni mapana yenye viluwiluwi, wanacheza majini kama alama za mkato zilizotoroka kwenye sentensi. Chakula chao ni kile cha samaki wa mapambo, kilichosagwa kikawa unga. Ukizidisha, maji yanachacha na wote wanakufa, na ukipunguza wanatafunana. Upande wa pili kuna vizimba vya neti, kila kimoja kina mdomo wa kitambaa kirefu kama mkono wa shati, ili uingize mkono bila wao kutoka. Vitambaa hivyo kavishona Baba Mkubwa. Huwa anajisifu kwamba yeye ndiye fundi pekee duniani aliyewahi kuwashonea mbu.

Madume ya mbu hayanyonyi damu. Yanawekewa pamba yenye maji ya sukari, yanakunywa, yanazurura.

"Kama nani vile?" Mama Mkubwa huuliza, akimwangalia mumewe.

"Mimi chai yangu haina sukari," Baba Mkubwa hujibu.

Majike ndiyo yanayotaka damu, la sivyo hayatagi. Na damu yenyewe, kwa miaka mingi, ilikuwa ya Mama Mkubwa. Alikuwa anakunja mkono wa koti, anauingiza mkono wake wa kushoto kizimbani, anakaa. Wale mbu wamezaliwa humo humo na hawajawahi kumng'ata mgonjwa, kwa hiyo hawana ugonjwa wa kumpa mtu. Wanachotoa ni muwasho tu. Baadaye walileta kifaa cha kupasha damu ya ng'ombe, lakini siku umeme ukikatika kifaa kinapoa, na mkono wa Mama Mkubwa haupoi. Hao mbu aliowalea ndio waliotumika kujaribu kila chandarua, kila dawa ya kupuliza, kila kitu kilichotoka kwenye taasisi ile na kwenda kwa watu.

Niliwahi kumuuliza, "Huoni uchungu? Unawalea halafu wanapelekwa kufa?"

"Naona," akasema. "Kisha nakumbuka nilivyolala wodini na mama yako alipokuwa mdogo, homa imempanda anaongea na ukuta. Uchungu unapungua."

Jina la Sumbua alilipata kazini. Aliingia pale akiwa msichana, kama mfagiaji, na alipewa chumba cha mbu kwa sababu hakuna mtu aliyetaka kukaa kwenye joto lile. Chombo cha kuleta joto kilikuwa kibovu. Kikizima, yeye anapanda ngazi kwenda kugonga ofisi ya mkubwa wa zamani, yule wa kwanza, aliyekwisha kufariki. Mbu wanapoa, anasema. Anaambiwa njoo kesho. Hashuki. Anagonga mlango wa pili, wa tatu. Mkubwa akalalamika kwenye kikao: huyu binti anasumbua. Siku iliyofuata aligonga tena, na sauti ya ndani ilipouliza "Nani?", akajibu, "Sumbua." Wote wakacheka, na chombo kipya kikaletwa. Tangu hapo mpaka mlinzi wa getini anamwita Bi Sumbua. Jina lililotolewa kama tusi, yeye kalivaa kama gauni la sikukuu.

Na picha? Hiyo alinisimulia Baba Mkubwa. Alikuja mpiga picha na mitambo yake, akamweka Mama Mkubwa kwenye kiti, mbu akawekwa mkononi. Mama Mkubwa alikuwa amesuka nywele upya siku hiyo. Mpiga picha akaangalia kwenye kamera, akasema, "Mama, toa kichwa. Kichwa kinaharibu picha."

"Akatoa?" niliuliza.

"Alitoa. Alikuwa mgeni kazini, hana mtoto wala sauti. Lakini nadhani ndiyo mara ya mwisho kumtii mtu."

Picha ile ikasambaa. Iliingia vitabuni, kwenye mabango ya zahanati, mpaka kwenye kalenda. Chini yake kila mahali: Mbu jike akifyonza damu. Hakuna mahali palipoandikwa damu ya nani.

Miaka ikapita, nikaingia sekondari. Mwaka huo kwenye Kiswahili tulikuwa tunasoma kauli za vitenzi, na mimi nikishajua kitu huwa nakiona kila mahali. Kutenda: mtu analisha mbu. Kutendwa: mbu wanalishwa. Kutendeka: mbu wanalishika. Nikafungua kitabu cha biolojia, kipya kabisa, nikakuta kimejaa "walilishwa", "zilijaribiwa", "iligunduliwa". Hivi walilishwa na nani? Zilijaribiwa na nani? Kauli ya kutendwa ni nzuri sana ukitaka kumficha mtu. Nikageuza ukurasa, na mkono ukawa pale, safari hii mkubwa zaidi, na kovu linaonekana vizuri kuliko zamani. Nikachukua kalamu, nikaandika chini ya maandishi yao: Mkono ni wa Mama Mkubwa wangu.

Mwalimu wa biolojia alipokusanya vitabu aliona. "Nani amechafua kitabu cha shule?"

Nikasimama. "Mimi, mwalimu. Ila sijachafua, nimemalizia. Sentensi ilikuwa haijaisha."

Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja nyuma akauliza, "Na huyo mbu ni mjomba wako?"

"Mlete mzazi," akasema mwalimu.

Mama Mkubwa alikuja na koti lake la kazini. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alikunja mkono wa kushoto, akaulaza mezani kando ya kitabu, kovu karibu na kovu. Mwalimu aliangalia kitabu, akaangalia mkono, akavua miwani na kuivaa tena.

"Samahani, mama. Kumbe mtoto hakusema uongo."

"Mtoto huyu hajui uongo, anajua maswali. Kitabu hiki ni kipya?"

"Kipya. Lakini hatuandiki sisi, mama. Hapa nyuma wanasema picha imetoka kwenu, huko taasisi."

Mama Mkubwa akashusha mkono wa koti, akafunga kifungo. Tulirudi nyumbani bila yeye kutamka neno, na yeyote anayemjua anajua kwamba Mama Mkubwa akinyamaza, kaa tayari.

Wakati huo taasisi ilikuwa inajiandaa kufungua jengo jipya, na ukutani kwenye ukumbi wa kuingilia walikuwa wameshatundika picha ile ile, imekuzwa mpaka mkono ukawa mrefu kuliko mtu. Chini yake: Mbu jike akifyonza damu. Mama Mkubwa alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alitaka jambo moja tu, na alilisema waziwazi mezani wakati wa chakula: kabla hajatoka mlango ule kwa mara ya mwisho, pale chini paandikwe mkono ni wa nani.

"Na wakikataa?" akauliza Baba Mkubwa.

"Nitauliza tena."

"Wakikufukuza? Mke wangu, umebakiza padogo. Mtu haangushi mzigo mlangoni kwake."

"Wakinifukuza nitaondoka na mkono wangu. Hiyo picha watabaki nayo ya nini?"

Baba Mkubwa alinitazama mimi, kana kwamba nina jibu. Nikajaza mdomo chakula.

Kesho yake asubuhi alianza. Ukumbi ule uko njiani mwangu kwenda shule, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Kabla ya saa za kazi, Mama Mkubwa alisimama chini ya picha, amekunja koti, mkono wake wa kushoto ameuinua na kuuegemeza ukutani sambamba na ule mkubwa. Hakupiga kelele wala hakushika bango. Watu waliokuwa wanaingia walitazama mkono wa ukutani, wakatazama wa kwake, wakasita.

"Bi Sumbua, umegandishwa na gundi?" mlinzi akamtania.

"Wewe cheka. Nikimaliza wangu nakuja kuudai mguu wako, kwa jinsi unavyosimama hapa."

Akafanya hivyo asubuhi ya pili, na iliyofuata. Wageni wakaanza kuuliza, na yeye anajibu. Wafagiaji wakaanza kusimama naye, kisha wapishi wa kantini, kisha mama mmoja wa kuosha vyombo vya maabara ambaye hakuwa kwenye picha yoyote. Alisema anafanya mazoezi tu.

Mkurugenzi wa sasa ni mtu mpole, umri wake ni wa mdogo wake Mama Mkubwa. Asubuhi moja alikuja mwenyewe, mkoba mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mama, unatusumbua."

"Ndilo jina langu."

"Wageni wanakuja kuangalia mbu, mama. Huo ni mkono tu."

"Basi mpigeni picha mbu akinyonya ukuta."

Mlinzi alikohoa. Mkurugenzi akaweka mkoba chini. "Sawa. Tuandike 'mkono wa mfanyakazi wetu'."

"Mfanyakazi yupi? Hata mlinzi ni mfanyakazi, na mkono wake una manyoya kama mswaki."

"Basi jina lako la kwenye cheti."

"Hilo wanalijua benki. Humu ndani nani amewahi kuniita hilo? Andika Bi Sumbua, mlezi wa mbu. Kazi nimeifanya kwa jina hilo, na picha ikae na jina hilo."

Mkurugenzi alitazama picha kwa muda. Nadhani hakuwa amewahi kuiangalia sehemu isiyokuwa na mbu. "Nitamwambia afisa habari," akasema. "Siku ya ufunguzi utakuta."

Siku ya ufunguzi nilivaa sare ya shule iliyonyooshwa na Mama Mkubwa mwenyewe. Baba Mkubwa alivaa suti aliyojishonea, suruali ikiwa fupi kidogo kwa sababu fundi hajipimi vizuri. Ukumbi ulijaa. Chini ya picha kulikuwa na kitambaa kimefunika kibao kipya. Mkurugenzi akashika kipaza sauti.

"Mama huyu," akasema, "amesumbuka kwa ajili yetu. Ameteseka kimya kimya kwa ajili ya sayansi."

"Kimya?" Mama Mkubwa akaninong'oneza. "Lini?"

Kitambaa kikavutwa. Watu wakapiga makofi. Kibao kilikuwa cheupe, na herufi nyeusi za kubandika, kubwa, nzuri: MBU JIKE AKIFYONZA DAMU. MKONO WA BI SUMBUKA, MLEZI WA MBU.

Nilisoma mara mbili. Baba Mkubwa alikuwa bado anapiga makofi, kisha makofi yake yakapungua nguvu, kama cherehani lililotolewa mguu. Sumbuka. Walikuwa wamembadilisha kauli.

Afisa habari, dada mmoja kijana mwenye uso wa kupendeza, alikuja mbio akitabasamu. "Umefurahi, mama?"

"Mwanangu, hii K imetoka wapi?"

"Ah, hiyo nilisahihisha mwenyewe." Alishusha sauti. "Niliona 'Sumbua' ni kama tusi, mama. Mtu mzima kama wewe! Nikasema hapana, tuweke la heshima. Sumbuka. Mtu aliyesumbuka kwa ajili ya wengine. Si imekaa vizuri?"

Hakuwa na ubaya. Hilo ndilo lililonichoma: hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kumpa Mama Mkubwa heshima, na heshima aliyoijua kumpa mwanamke ni ya kumhurumia.

Mama Mkubwa alitazama kibao. Nikafikiri ataacha. Watu wote wale, soda zinafunguliwa, jina karibu limefika, imezidi herufi moja tu. Mtu mwingine angesema yatosha.

"Baba wa hapa," akamwita mumewe, "lete kiti."

Baba Mkubwa hakuuliza cha nini. Alileta kiti, akakishika kwa mikono miwili. Mama Mkubwa akavua viatu, akapanda. Ukumbi ukanyamaza kidogo kidogo, kuanzia mbele hadi nyuma.

"Mama," Mkurugenzi akasema, "tutarekebisha. Wiki ijayo."

"Mkono huu umekaa ukurasani tangu huyu mtoto hajazaliwa. Wiki ijayo yenu naijua." Akageuka, akawatazama watu wote kutoka juu ya kiti. "Nasikia nimesumbuka. Mimi sijasumbuka. Nimefanya kazi, na nilipenda kazi yangu. Walionisumbua ni wale waliokuwa hawafungui mlango, na hao niliwasumbua mimi mpaka wakafungua. Mbu wamelelewa na mimi. Dawa zenu zimepimwa kwa watoto wangu. Msinihurumie. Andikeni."

Akaingiza ukucha chini ya K. Ni ukucha ule ule unaonyanyua kiluwiluwi mmoja kwenye beseni bila kumgusa jirani yake. K ikaanza kubanduka kona, ikavutika, ikatoka nzima. Pakabaki SUMBU, pengo, A.

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa yule mama wa kuosha vyombo vya maabara. Kisha mlinzi, kisha wote.

Mama Mkubwa akashuka, akavaa viatu, akambandika afisa habari ile K kwenye kiganja. "Shika herufi yako, mwanangu. Sina kinyongo. Siku nyingine ukitaka kumheshimu mtu, muulize kwanza anaitwa nani."

Yule dada akaiangalia ile K, akacheka huku machozi yanamlengalenga. "Nisamehe, Bi Sumbua."

"Umeona? Wala si tusi."

Wiki iliyofuata walikuja kweli kusogeza A izibe pengo. Mama Mkubwa akawazuia. Akasema pengo libaki, mtu akiliona atauliza, na akiuliza atajibiwa.

Sasa amestaafu. Chumba cha kulelea mbu kina mlezi mwingine, msichana ambaye Mama Mkubwa amemfundisha kugonga milango kabla ya kumfundisha kusaga chakula cha viluwiluwi. Juzi tulipita pale kumsalimia. Ukumbini nilisimama chini ya mkono ule mkubwa, na mkono wenyewe ulikuwa umesimama kando yangu, umeshika mkoba. Nilikuwa na swali langu la tangu miaka minane, ambalo halikuwahi kujibiwa sawasawa, nikaona hakuna siku nyingine.

"Mama Mkubwa," nikasema, "huu mkono wa nani?"

Alinitazama, akatazama ukuta, akaupandisha mkoba begani.

"Kwani hujasoma hapo chini?"